Umelipa, Mzigo Haukufika: Haki Yako ya Kurejeshewa Pesa na Njia ya Kuidai

  

Baada ya Eid iliyopita walitujia akina mama 12 kutoka Wilaya ya Wete. Ni majirani, wanacheza upatu pamoja, na watoto wao wanasoma chuo kimoja. Lakini siku ile waliingia kwetu hawatazamani, na mmoja wao alikaa peke yake karibu na mlango. Kisa chao tunakieleza kwa ruhusa yao, bila ya majina, kwa sababu masuala yanayofanana nacho yanatufikia mara kwa mara.

Katika mwezi wa Shaaban, mmoja wao aliona kwenye Instagram mabaibui na nguo za watoto kwa muuzaji aliyeko Dar es Salaam. Akawaonesha wenzake picha, wakapendezewa. Kila mmoja akatoa shilingi 65,000, naye akazituma kwa simu. Muuzaji akajibu kwamba mzigo ameshaupakia kwenye chombo na utashuka Mkoani. Ramadhani ikaingia, ikamalizika, Eid ikasaliwa, na mzigo haukuonekana. Alipoulizwa, muuzaji akasema yeye ameshatuma, waulizwe wenye chombo. Kisha simu yake ikawa haipatikani. Akina mama 11 wakamgeukia mwenzao: "Sisi tulikupa wewe, yeye hatumjui. Tulipe." Naye akasema: "Mimi nilikusaidieni tu, na pesa yangu imo humo humo."

Suala lao lilikuwa moja: nani analipa? Tukawaambia kwamba hatuwezi kujibu mpaka tujue kila mtu katika jambo hili alikuwa nani. Na hilo ndilo tunalotaka kulifafanua hapa, kwa sheria ya dini yetu kwanza, kisha kwa njia zilizopo katika nchi yetu.

Kununua kwa simu ni biashara sahihi?

Wapo wanaosema kwamba mwenye kununua kitu asichokiona amejitakia, na hana haki ya kulalamika. Kauli hii si sahihi.

Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha sita kilichofanyika Jeddah mwezi wa Machi 1990, ilijadili mikataba inayofungwa kwa vyombo vya mawasiliano baina ya watu waliombali. Katika azimio lake namba 52 ilikubali kwamba mikataba hiyo inafungika pale pendekezo la mmoja linapomfikia mwenzake naye akalikubali. Ikatoa nje mambo machache, kama ndoa kwa sababu ya mashahidi, na kubadilisha fedha kwa sababu ya kukabidhiana. Na katika azimio lililofuata, namba 53, ilieleza kwamba pesa kuingizwa katika akaunti ya mtu ni namna ya kukabidhiwa. Kwa hiyo shilingi zilizoingia katika simu ya muuzaji ni shilingi alizozipokea, kama kwamba amehesabiwa mkononi.

Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi'i tunajua kwamba kuuza kitu maalum ambacho mnunuzi hajakiona kuna mazungumzo marefu, na kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba haisihi. Lakini biashara nyingi za mtandaoni si za kitu kimoja maalum kilichokaa mahali. Mtu anaagiza baibui la saizi fulani, rangi fulani, kitambaa fulani, na muuzaji anajifunga kumletea la sifa hizo. Hiyo ni karibu sana na bay'us-salam: kulipa mwanzo kwa kitu kilichoelezwa sifa zake, kitakachokabidhiwa baadae. Ibn Abbas (Radhiya Allahu 'anhuma) amepokea, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja na miwili kabla. Hakuwakataza, bali aliwaamrisha iwe kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana.

Angalia hekima yake. Mambo matatu yale ndiyo yanayokosekana katika ugomvi mwingi tunaoletewa. Mtu ametuma pesa, lakini hakuandikiana na muuzaji ni kitu gani hasa, kiasi gani, na kitafika lini.

Mzigo uko juu ya muuzaji mpaka ufike mkononi

Huu ndio msingi wa mas-ala yote. Katika fiqhi ya Shafi'i, kilichouzwa kabla ya kukabidhiwa mnunuzi kinabaki katika dhamana ya muuzaji. Kikiharibika au kikipotea chenyewe kabla ya kukabidhiwa, biashara inavunjika na thamani yake inarudi kwa mnunuzi. Imam an-Nawawi ameliweka hili wazi katika Minhaj. Na katika salam, ikifika muda wake na kitu kikawa hakipatikani, mnunuzi anahiyarishwa: asubiri mpaka kipatikane, au avunje mkataba na achukue pesa yake.

Kwa hiyo muuzaji anayesema "mimi nimeshatuma, ukipotea si juu yangu" hajasema kitu. Kutuma si kukabidhi. Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, ametukataza kulana mali kwa batili na akaacha njia ya biashara ya kuridhiana. Na mnunuzi aliridhia kupata nguo, hakuridhia kupata habari za nguo. Katika Sahihi Muslim, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) alimzungumzia mtu aliyeuza matunda kisha yakapigwa na janga, akahoji ni kwa haki gani atachukua mali ya ndugu yake. Wanazuoni wana ufafanuzi wao kuhusu matunda yenyewe, lakini suala lile kila mfanyabiashara anapaswa kujiuliza: nimetoa nini hata nikawa na haki ya pesa hii?

Kinachorudi ni kile kilicholipwa: bei ya bidhaa, na nauli ya mzigo kama muuzaji aliitoza kwa kazi ambayo hakuifanya. Mnunuzi haongezi chochote kwa ajili ya kucheleweshwa. Ukidai laki moja kwa sababu ya kucheleweshwa elfu 80 yako, hiyo elfu 20 ya juu ni riba, hata kama uliumia.

Nani alikuwa nani?

Hapa ndipo majirani wanapodhulumiana bila ya kujua. Katika safari ya mzigo kuja Pemba mara nyingi kuna watu watatu au wanne, na kila mmoja ana hukumu yake.

Wa kwanza ni muuzaji, naye tumeshamueleza.

Wa pili ni mchukuzi: mwenye chombo, utingo wa basi, au kijana anayepokea mizigo bandarini. Suala la kuuliza ni hili: nani alimchagua? Kama muuzaji ndiye aliyempa mzigo kwa hiari yake, basi mchukuzi ni mtu wa muuzaji, na mzigo haujatoka katika dhamana ya muuzaji. Lakini kama wewe mnunuzi ulisema, "Mpe fulani, ni mtu wangu, anakuja na boti ya kesho," basi fulani ni wakala wako, mkono wake ni mkono wako, na muuzaji akimkabidhi amemaliza wajibu wake. Mzigo ukipotea hapo huna dai kwa muuzaji. Utamuuliza mtu wako, naye ni mwenye kuaminiwa: halipi isipokuwa akizembea au akifanya khiyana. Aliyeuacha mzigo gatini bila ya mtu akenda kunywa chai, amezembea.

Wa tatu ni yule jirani anayekusanya pesa. Huyu ana sura mbili. Akiwa anawasaidia wenzake tu, au anachukua ujira uliojulikana, yeye ni wakala wao. Wakala ni amini. Akituma pesa kwa muuzaji waliyemkubali wote na kwa njia waliyoikubali, kisha muuzaji akadhulumu, yeye halipi. Lakini akiwa ananunua kwa bei yake na kuwauzia wenzake kwa bei nyengine, nao wanajua kwamba yeye ndiye muuzaji wao, basi dhamana ni yake. Atawarejeshea kila kitu, kisha yeye atamfuata aliyemuuzia.

Tulipofika hapa tukamuuliza yule mama aliyekaa mlangoni: "Bei ya muuzaji ilikuwa ngapi?" Alinyamaza, kisha akasema ilikuwa 60,000. Zile 5,000 kwa kila mtu alizikata yeye kwa usumbufu wake, na wenzake hakuwaambia. Chumba kikawa kimya.

Tukawaambia hivi. Wenzake walimpa pesa akiwa wakala, na waliamini kwamba bei yote ni ya muuzaji. Kukata bila ya kuwaambia ni khiyana, na kila alichokikata atakirejesha chote. Lakini khiyana yake ilikuwa katika zile 5,000. Zile 60,000 za kila mtu zilikwenda pale pale walipotaka ziende, na kwa hizo yeye ni mdhulumiwa kama wao. Haifai kumtwisha deni lote kwa kosa la sehemu yake. Nao walikiri kwamba mchukuzi alichaguliwa na muuzaji. Basi shilingi 720,000 zilikuwa juu ya muuzaji wa Dar es Salaam, na juu ya mama yule zilikuwa zile 5,000 za kila mwenzake tu.

Ndugu zetu, lau wangeuliza "nani alikuwa nani" tangu siku ya kwanza, wasingefikia wiki sita za kununiana.

Kuchelewa, kukosa na kutapeli si kitu kimoja

Kabla hujamwita mtu mwizi, hakikisha. Amri ya kuhakikisha habari imo katika Suratul-Hujurat, aya ya 6.

Kisiwa chetu kinategemea bahari. Upepo ukichafuka, vyombo havisafiri. Mzigo unaweza kuwa umekaa gatini Mkoani au Wete bila ya aliyekupigia simu. Vilivyoagizwa nje ya nchi huweza kukaa Posta kwa sababu namba ya simu iliandikwa vibaya. Nenda, uliza, onesha namba ya mzigo. Tumeona watu wakimlaani muuzaji na huku mzigo wao umo ghalani.

Kama muuzaji amekosa bidhaa na amekiri, ana wajibu wa kurejesha pesa, na wewe una hiyari ya kusubiri. Mara nyingi atakwambia: "Baibui hakuna, chukua viatu vya bei hiyo hiyo." Katika madhehebu yetu, kitu cha salam hakibadilishwi kwa kitu cha jinsi nyengine kabla ya kukipokea. Njia safi ni kuvunja kwanza ile biashara ya mwanzo kwa kuridhiana, pesa iwe ni haki yako juu yake, kisha ukitaka mfunge biashara mpya ya viatu kwa maneno ya wazi. Wala usione haya kusema: "Nirejeshee pesa yangu."

Kama amekiri deni lakini kweli hana, aya ya 280 ya Suratul-Baqarah inatufundisha kumpa muda mwenye dhiki. Lakini anayeweza kulipa na akawa anazungusha, Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) amekuita kuchelewesha huko dhulma. Na akifa kabla ya kulipa, deni linatolewa katika mali yake kabla ya kugawiwa mirathi. Vivyo hivyo, mnunuzi akifa, pesa yake iliyoko kwa muuzaji ni haki ya warithi wake.

Hatua za kuidai haki yako

1. Kusanya ushahidi siku hiyo hiyo. Dini yetu imeweka ushahidi juu ya anayedai. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul-Baqarah, inazungumzia kuandikiana madeni. Hifadhi ujumbe wa muamala wenye namba yake, tarehe, kiasi na jina lililotokea wakati wa kutuma. Piga skrinishoti za mazungumzo, tangazo, bei na jina la akaunti, kabla muuzaji hajavifuta. Mpe nakala mtu unayemwamini.

2. Mwandikie muuzaji kwa adabu na kwa uwazi. Usimpigie simu tu, kwani maneno ya simu hayabaki. Mwandikie: niliagiza kitu hiki, nililipa kiasi hiki tarehe hii, hakikufika, nakupa siku saba ulete au urejeshe pesa kwa namba ile ile niliyotumia. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imempa muuzaji siku 30 za kutekeleza agizo, isipokuwa kama mmekubaliana muda mwengine. Akishindwa, mnunuzi ana haki ya kuvunja mkataba. Mkumbushe hilo.

3. Ukihisi ni utapeli, usisubiri siku saba. Piga namba 100 ya huduma kwa wateja ya mtandao wako mara moja. Kama pesa bado zimo katika akaunti ya aliyezipokea, huenda zikazuiwa. Zikishatolewa, mtandao hauna tena cha kukurejeshea. Iripoti namba hiyo pia kupitia 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa ajili ya namba za matapeli.

4. Kama ulilipa kwa kadi ya benki, nenda benki yako ujaze fomu ya kupinga malipo. Muda wake una kikomo. Kwa kadi za Visa na Mastercard kwa kawaida ni siku 120 tangu siku mzigo ulipotarajiwa kufika. Na kama ulinunua katika masoko makubwa ya nje kama AliExpress, pesa hushikiliwa na soko mpaka uthibitishe kupokea. Usibonyeze "nimepokea" kabla hujapokea, hata muuzaji akikubembeleza. Ni uongo, na ni kuifungua mwenyewe kufuli ya pesa yako. Fungua malalamiko ndani ya soko lenyewe kabla muda wa agizo haujamalizika.

5. Kama muuzaji ni mtu wa visiwani na anajulikana, anza na suluhu. Mwendeeni pamoja na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote, au kwa sheha wa shehia yake, na mkikubaliana muandikiane. Suluhu ni kheri, maadamu haihalalishi haramu. Mnunuzi anaweza kusamehe sehemu ya haki yake kwa ridhaa. Haifai kushinikizwa asamehe kwa sababu tu mwenzake ni mtoto wa fulani.

6. Suluhu ikishindikana, kuna vyombo. Biashara iliyosajiliwa hapa ishitakie kwa Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, ambayo kumlinda mlaji ni katika kazi zake. Utapeli upeleke polisi, kituo kilicho karibu nawe, na uchukue namba ya RB. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imeufanya udanganyifu wa aina hii kuwa ni jinai. Laini za simu sasa zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo namba ile ina mtu nyuma yake, na polisi ndio wenye njia ya kumfikia. Wengi huja wakitaka twende kwa Kadhi. Mahkama ya Kadhi Zanzibar ina mamlaka ya ndoa, talaka, malezi, mirathi, wakfu na yanayofanana na hayo. Madai ya pesa za biashara huenda katika mahkama za kawaida.

Mdai naye ana mipaka

Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) aliwahi kudaiwa kwa maneno makali, masahaba wakataka kumkemea mdai, naye akawazuia na akaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kwa hiyo kudai si ukosefu wa subira wala si ukosefu wa haya. Lakini kuna mambo matatu tunayoyaona, nayo hayafai.

La kwanza, kusema uongo ili pesa irudi. Wapo wanaoupigia mtandao na kusema, "Nimekosea namba," na huku hakukosea. Sema kweli: "Nimelipia bidhaa na sijaletewa." Haki haihitaji uongo, na leo ukifunza njia hiyo, kesho atadhulumiwa kwayo muuzaji mwaminifu aliyekwishatuma mzigo. Vile vile, pesa ikirejeshwa kisha mzigo ukafika, mzigo ule si wako. Mjulishe mwenyewe, au ulipe, au urejeshe.

La pili, kumuanika mtu kabla ya kuhakikisha. Wanazuoni, akiwemo Imam an-Nawawi katika Riyadhus-Salihin, wametaja hali ambazo kumsema mtu kunaruhusiwa, na miongoni mwake ni mdhulumiwa kupeleka malalamiko, na kuwatahadharisha Waislamu. Basi waeleze watu: akaunti hii nimelipa, sikuletewa, ushahidi huu hapa. Usiongeze. Usitaje mama yake wala kabila lake. Na jihadhari na picha, kwani matapeli hutumia picha za watu wengine. Ukiisambaza sura ya asiyehusika umemdhulumu, na utatakiwa uiombe radhi kwa aliyekuwa hajakufanyia kitu.

La tatu, kutafuta mkato. Mtu akishatapeliwa hujitokeza mwengine anayesema anaweza kuzirejesha pesa kwa malipo kidogo, au anataka namba ya siri ili "azirudishe." Huyo ni tapeli wa pili. Hakuna mfanyakazi wa mtandao wala benki anayehitaji namba yako ya siri.

Neno kwa vijana wetu wanaouza

Tunawapenda na tunafurahi kuwaona Chake Chake, Konde na Mkoani wakitafuta riziki kwa simu zao. Lakini wengi wanaweka picha za bidhaa wasizokuwa nazo, wanapokea pesa, kisha ndio wanakwenda kutafuta Kariakoo. Hakim bin Hizam (Radhiya Allahu 'anhu) alimuuliza Mtume (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam) kuhusu jambo kama hilo, akakatazwa kuuza asichonacho.

Njia za halali zipo mbili, na zote ni nyepesi. Ya kwanza ni kuwa wakala: mwambie mteja bei ya dukani ni hii, ujira wangu ni huu, na nauli ni hii. Ya pili ni salam ya kweli: eleza sifa, kiasi na siku ya kukabidhi, upokee pesa yote mwanzo, na ujue kwamba deni la bidhaa liko shingoni mwako. Usiitumie pesa ya mteja kulipia mzigo wa mteja wa jana. Anayefanya hivyo siku moja ataamka ana wateja 20 na pesa ya mmoja.

Na wewe mnunuzi: kama muuzaji yuko kisiwani, lipa unapopokea. Kama yuko mbali na humjui, anza na kitu kidogo, lipa kwa namba ya biashara yenye jina la duka, na jihadhari na namba ya mtu binafsi yenye jina jengine.

Walivyoondoka akina mama

Yule mama aliwarejeshea wenzake elfu tano tano zao palepale, na akawaomba radhi. Wakampa. Kisha wakaandika barua moja wote, wakaambatanisha ushahidi, wakenda polisi kwa pamoja. Baada ya kupigiwa simu kutoka kituoni, muuzaji aliibuka na akarejesha shilingi 300,000, akaomba muda kwa zilizobaki. Mmoja wa akina mama akataka alipwe yeye kwanza kwa sababu mume wake mgonjwa. Tukawaambia: pesa hii ni ya wote kwa kiasi cha walichotoa, 25,000 kila mmoja, anayetaka kumuachia mgonjwa fungu lake na aache kwa radhi yake. Wanne waliacha.

Bado wanamdai 35,000 kila mmoja, 420,000 kwa jumla, na barua ya makubaliano wanayo. Hatujui kama italipwa yote hapa duniani. Lakini siku walipokuja kutupa habari hizo walikuja kwa gari moja, na yule aliyekaa mlangoni safari hii alikaa katikati.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, atulinde na kula haki za watu, na awape subira na badala iliyo bora waliodhulumiwa.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.